MASWALI YENU: Ripita haitaki kuzima, nani kaingia kwenye masafa yetu?

SWALI: Shikamoo fundi. Ripita yetu ya redio ya ridhaa (mtambo unaopokea sauti zetu na kuzirusha upya) inatuma megahezi 145.600 na kupokea 145.000, iko kwenye mnara wenye redio za watu wengine wengi tu. Tusipoongea imetulia kabisa, ila mwenzetu akiongea akamaliza haizimi, tunasikia sauti za watu tusiowajua zimechanganyikana na zinakwaruza, mpaka wale wanyamaze ndo inaachia. Wenzangu wanasema kuna mtu anatuingilia makusudi. Nimepandisha skwelchi (kizuizi cha kelele kwenye risiva) haijasaidia, sasa nataka kuweka toni, ule mlio mdogo unaorushwa pamoja na sauti ili ripita iwafungukie wenye nao tu. Niko sawa?

JIBU: Marahaba. Kwanza naomba msimtuhumu mtu, hiyo ni intamodulesheni, yaani mawimbi ya redio kadhaa yanachanganyika na kuzaa wimbi jipya, na umenipa dalili nzuri sana hapo uliposema msipoongea imetulia kabisa. Maana yake transmita yenu wenyewe imo kwenye mchanganyiko. Fanya hesabu hii: yenu 145.600, tuseme jirani mmoja anatuma 152.24 na mwingine 152.84, jumlisha yenu na ya kwanza halafu toa ya pili, unapata 145.000 kamili, ndo hapo hapo ripita inaposikilizia. Yaani majirani wowote wawili waliopishana kilohezi 600, hata wawe mbali na masafa yenu, wakiwa hewani pamoja na nyie wanaweza kuzaa wimbi linaloangukia mlangoni kwenu, na ripita ikilisikia inaendelea kutuma, na ikituma linaendelea kuzaliwa, inajishikilia hivyo mpaka mmoja wa hao wawili aachie. Kwa hiyo tafuteni orodha ya masafa yote ya huo mnara mpige hesabu kabla ya kugusa kitu.

Toni usiitegemee. Kama ripita yenu inarusha toni ileile inayojifungulia, basi lile wimbi linalorudi limebeba toni hiyo hiyo na mlango utabaki wazi. Hata mkiiondoa kwenye kutuma ikabaki kwenye kupokea tu, mtakuwa mmeficha kelele tu, mwenzenu wa mbali mwenye wimbi dogo bado atafunikwa.

Sasa yanachanganyikia wapi? Mara nyingine ni kwenye amplifaya yenu ya kutumia mawimbi (ya kurushia), mawimbi ya majirani yanashuka na antena yanaingia humo. Hapo dawa ni aisoleta (kifaa kinachopitisha mawimbi upande mmoja tu) na lodi yake inayomeza yanayorudi, na baada yake muweke filta maana aisoleta nayo inaweza kuzaa uchafu wake. Au ni risiva imezidiwa, hasa kama mmeweka priamplifaya (ya kukuza wimbi kabla ya risiva) bila filta ya kaviti, ile ya kopo inayopitisha masafa yenu tu, mbele yake. Kuna jaribio nalipenda sana, chomeka ateniueta (kipunguza nguvu ya wimbi) ya desibeli 3 kwenye waya wa risiva halafu pimeni mwingilio umeshuka kiasi gani: ukishuka 3 tu umekuja tayari kutoka nje, ukishuka kama 9 unazaliwa ndani ya risiva yenyewe.

Ukikuta unatoka nje na kwenye transmita zenu na za majirani mko safi, panda mnarani uangalie kutu, bolti zilizolegea, nyaya zinazogusanagusana, koneksheni zilizoingia maji, vyote hivyo vinachanganya mawimbi bila hata kuwa na umeme. Upepo ukivuma kelele inabadilika, au mvua ikinyesha inapotea kisha jua likiwaka inarudi, basi anza na kukaza na kusafisha huko juu kabla hujanunua filta yoyote.