Gari la Kwanza kwa Bajeti ya Mwanafunzi: Likague Likiwa Baridi

Ujumbe wa wiki hii umetoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Amejibana mpaka akiba imefika, amepata gari ambalo bei yake iko chini kuliko yote ya aina ile, na muuzaji amemhakikishia kwamba halina shida yoyote, linataka gesi ya AC tu. Anauliza, alichukue?

Kwa maelezo hayo pekee, bado usilichukue. Mfumo wa AC umefungwa pande zote na gesi yake hailiwi kama petroli. Ikiisha, kuna mahali inavujia, na mahali hapo panaweza kuwa mpira mdogo wa kiungio au kompresa nzima. Kujaza gesi ni kazi ndogo kwa fundi. Muuzaji mwenye akili angeijaza, akapandisha bei, akauza haraka. Asipofanya hivyo, elewa kwamba huenda alishajaza na ikatoka.

Hata hivyo AC si sababu ya kuliacha gari. Wanafunzi wengi hukosea hapo: wanakimbia gari zima kwa sababu ya kiti kilichochanika, halafu wananunua linalong'aa ambalo gia boksi yake inakata roho. Mwenye pesa kidogo ana mambo manne tu yasiyo na mjadala: injini inayochemsha au kula oili, gia boksi inayosita, bodi iliyooza au iliyonyooshwa baada ya ajali kubwa, na karatasi zenye utata. Ukikuta moja kati ya hayo, aga kwa heshima uondoke, hata kama bei inakutoa udenda. Mengine yote, yaani shokapu, bushi, breki, tairi, betri, taa na hiyo AC, ni ya kupunguzia bei.

Na usipeleke akiba yote kwa muuzaji. Katika kila 100 uliyonayo, 70 iwe ya gari na 30 ibaki kwa bima, uhamisho wa umiliki, sevisi ya kwanza na lile tatizo ambalo halikuonekana siku ya ukaguzi. Magari mengi ya bei ya chini huuzwa pale matengenezo makubwa yanapokaribia. Mwenye gari amepiga hesabu, akaona bora gharama imkute mwingine.

Kabla ya yote, chagua gari la kawaida mno. Injini ya lita 1.0 hadi 1.5, aina ambayo kila fundi ameshaifungua: Toyota Vitz, Honda Fit, Mazda Demio, Nissan March, Suzuki Swift. Najua kuna watakaoguna, maana wameshaona gari la kifahari la miaka ya nyuma kwa bei hiyohiyo. Gari la kifahari likizeeka, bei yake hushuka. Bei za vipuri vyake hubaki zilezile.

Injini

Mwambie muuzaji mapema, kwa simu, kwamba asiliwashe gari siku hiyo. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, na gari halikushinda juani, panga siku nyingine. Injini iliyopashwa moto huficha mengi: betri iliyochoka, cheni ya taimingi (inayooanisha valvu na pistoni) inayogonga sekunde za mwanzo, na moshi wa asubuhi.

Injini ikiwa baridi, na ikiwa baridi tu, fungua kifuniko cha rejeta. Kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupozea injini, iwe safi, ya kijani, nyekundu au bluu. Maji yenye rangi ya kutu yanakuambia kwamba gari limekuwa likijazwa maji ya bomba, ambayo hayana dawa ya kuzuia kutu, kwa hiyo rejeta na pampu ya maji vimeanza kuliwa kwa ndani. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, funga boneti uondoke. Kama ni safi, chomoa stiki ya oili, ifute, irudishe, ichomoe tena. Kiwango kiwe kati ya alama mbili. Oili nyeusi peke yake si dhambi, ni oili iliyofanya kazi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa maji yameingia ndani. Povu jepesi chini ya kifuniko cha kujazia oili linaweza kutokana na unyevu, hasa gari likiendeshwa safari fupifupi kwenye baridi, lakini hali hiyo ikionekana kwenye stiki haina utetezi.

Sasa mwache mwingine awashe, wewe simama nyuma. Moshi wa bluu unaotoka sekunde chache kisha ukakata mara nyingi ni sili za valvu. Wa bluu unaorudi kila injini inapokanyagwa ni ringi za pistoni, na hapo injini inahitaji kufunguliwa yote. Mvuke mwembamba mweupe unaopotea injini ikipata joto ni kawaida. Moshi mzito mweupe usioisha, wenye harufu tamutamu, ni kulanti inayoungua, na mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa: chujio la hewa limeziba, sensa, au nozeli. Huo unatibika bila kufilisika.

Ukiwa hapo, shika ule mpira mnene wa juu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Dakika ya kwanza unatakiwa kuwa laini na baridi. Ukikakamaa haraka ilhali bado ni baridi, gesi za moto za silinda zinapenya kwenye njia ya maji. Wauzaji wajanja huosha injini, hubadilisha oili, humwaga kulanti mpya, lakini mpira huo hausemi uongo kirahisi.

Liache liungurume dakika 15 hadi 20 na AC ikiwa imewashwa. Mshale wa joto upande hadi karibu na katikati na utulie. Feni isikike ikiwaka na kuzima. Zima, subiri kidogo, washa tena likiwa la moto. Kuna magari huwaka vizuri asubuhi na kugoma mchana.

Uliza pia herufi za injini, si jina la gari pekee. Corolla mbili zinaweza kufanana sura na zikatofautiana roho. Injini ya 1NZ-FE inatumia cheni ya taimingi, haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Ile ya 1ZZ-FE nayo ina cheni, ila matoleo yake ya mwanzo yanajulikana kwa kula oili, kwa sababu vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo na huziba. Injini yenye mkanda ina hesabu nyingine. Nyingi za aina hiyo hupangiwa kubadilishwa mkanda kwenye kilomita 90,000 hadi 100,000, na kama hakuna risiti, chukulia haukubadilishwa. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, na gharama yake hukaribia bei uliyonunulia gari. Ukibadilisha, badilisha pamoja na pampu ya maji na tenshena inayoukaza mkanda, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Taa za dashibodi

Hapa pana ujanja mwingi. Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa za injini, oili, betri, breki za ABS na mifuko ya hewa zote ziwake. Za ABS na mifuko ya hewa huzima zenyewe baada ya sekunde chache, za injini, oili na betri huzima injini ikishawaka. Taa ambayo haikuwaka kabisa imeng'olewa balbu, au waya wake umeshughulikiwa. Wengine huunganisha taa ya mifuko ya hewa na ya oili ili zizime pamoja, kwa hiyo tazama mpangilio wa kuzima, usihesabu tu.

Kama gari lina soketi ya OBD-II, yaani ya kuchomekea kifaa cha kupima kompyuta ya gari, chini ya dashibodi, kifaa kidogo cha ELM327 na programu ya simu vinatosha kusoma makosa. Marekani ililazimisha mfumo huo kuanzia magari ya 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Usiishie kwenye "hakuna kosa." Fungua ukurasa unaoonyesha majaribio ya ndani ya mfumo. Kama mengi hayajakamilika, mtu amefuta kumbukumbu hivi karibuni au amechomoa betri. Muulize kwa nini, kisha mtazame usoni.

Gia boksi

Ya otomatiki ijaribu injini ikiwa ya moto. Kanyaga breki, toka P kwenda R, kisha N, kisha D, ukituliza kila hatua. Gia ishike ndani ya kama sekunde moja, kwa mguso mwepesi. Ikichelewa sekunde mbili tatu, au ikigonga mpaka gari zima likatikisika, hilo si la mwanafunzi. Penye stiki ya oili ya gia, ipake kwenye karatasi nyeupe: iwe nyekundu na angavu. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua ina maana sahani za ndani zinaisha. Magari mengi madogo, Honda Fit za mwanzo zikiwemo, yana CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Hiyo sikiliza mvumo unaopanda pamoja na mwendo na mtetemo wakati wa kuondoka, na uliza ilijazwa oili gani, kwa kuwa CVT ina oili yake na kuijaza ya otomatiki ya kawaida ni kuiua taratibu.

Ya mkono ni rahisi. Ukiwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, weka gia ya nne, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ya injini ikipanda na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza. Ni gharama, lakini ni ya kupatana.

Katika kuendesha kwenyewe, tafuta nusu saa yenye mlima, matuta na mahali pa kufunga breki kwa nguvu. Kata kona hadi mwisho pande zote huku ukienda polepole: ta-ta-ta ya mfululizo ni jointi ya draivshafti. Pedali ya breki inayozama taratibu ukiikandamiza gari limesimama ni silinda kuu ya breki.

Tairi zisome. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kina cha kashata, yaani mifereji ya tairi, chini ya milimita 1.6 kimekwisha kisheria katika nchi nyingi. Tairi iliyolika upande mmoja tu inadai alaimenti, na wakati mwingine inafichua mguu wa gari, panaposhikia tairi, uliopinda kwenye ajali.

Bodi na karatasi

Nenda mchana, gari likiwa kavu, maana maji huficha mikwaruzo na tofauti za rangi. Tazama boliti za bawaba za boneti na mafenda. Rangi ikiwa imechubuka kwenye vichwa vyake, zimefunguliwa. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itashika bati na kuteleza kwenye puti, ile ya kuzibia mabonyeo. Inua zulia la buti uangalie chini ya tairi la akiba, kisha vuta mikanda ya viti mpaka mwisho: mstari wa tope kwenye mkanda ni gari lililozama. Kilomita zilizoandikwa zilinganishe na mpira wa pedali na ngozi ya stelingi. Pedali ya breki iliyolika hadi chuma haiendani na kilomita 60,000.

Nambari ya chasi iliyogongwa kwenye bati isome mwenyewe, herufi kwa herufi, dhidi ya kadi ya usajili wa gari. Ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haitumii I, O wala Q. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na nambari fupi zaidi yenye kistari. Ukiona bati limechomelewa kuizunguka, usiulize zaidi. Anayeuza awe ndiye aliyeandikwa kwenye kadi, na uhakikishe gari halina mkopo. Ukiambiwa mwenyewe yuko safarini ila tuma malipo ya awali kulishikilia, liache likashikiliwe na wengine.

Fundi umlete wewe, si dalali wala muuzaji, na umlipe kiasi kimoja gari likinunuliwa au lisiponunuliwa. Ukimwahidi kamisheni, umeshamnunulia jibu.

Kwenye bei usimtukane muuzaji. Piga simu mapema kuulizia bei za vipuri, andika kasoro ulizoziona na gharama zake, toa kwenye bei, mwonyeshe karatasi. Wengi hukubali hesabu kuliko maneno.

Gari likishakuwa lako, badilisha oili na chujio siku hiyohiyo. Injini za lita 1.3 hadi 1.5 nyingi huchukua kama lita 3 hadi 4, na daraja lake limeandikwa kwenye kitabu cha gari. Fuata chujio la hewa, plagi, kulanti, na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu na hustahili kubadilishwa kila miaka miwili. Wiki mbili za kwanza pima oili kila asubuhi kwenye ardhi iliyo sawa, kabla ya kuwasha, na uandike kilomita. Katika magari mengi umbali kati ya alama ya juu na ya chini ni karibu lita moja. Ikishuka umbali wote huo kabla ya kilomita 1,000, tembea na kopo la oili kwenye buti na uanze kutumia ile 30 uliyoibakiza.