Afueni ya Serikali na Deni Lililonenepa

Mwezi uliopita nimemaliza kulipa mkopo wa benki wa 2019. Ndiyo, 2019, na ulikuwa wa miaka mitatu tu. Tangu niwape habari hiyo mnaniuliza nilifanyaje, kwa hiyo leo naandika kwa urefu, hasa kwa ninyi mnaofanya biashara na mnaotaka kukua kama ninavyotaka mimi.

Mimi nauza mitumba soko la Kongowea, Mombasa. Machi 2020 biashara ilikuwa imechangamka, mkopo nalipa bila kusukumwa. Machi 27 kafyu ya korona ikaanza. Punde mitumba ikapigwa marufuku kuingizwa Kenya kwa hofu ya virusi hivyo. Aprili 8 Mombasa ikafungwa, hatoki mtu wala haingii mtu, hadi Julai. Wateja wangu wengi ni wachuuzi wa Kilifi na Kwale. Wangefikaje? Marufuku ya mitumba yenyewe iliondolewa Agosti, na kufikia hapo nilikuwa nimeuza hata meza.

Afueni ilitangazwa, nani asiyekumbuka? Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alisema anayelipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi hatakatwa kodi, na wenye mishahara minono kodi yao ikashuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Mimi sina mshahara wa kukatwa. VAT nayo, kodi ya ongezeko la thamani tunayolipa tukinunua bidhaa, ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Sabuni niliyokuwa nikinunua haikushuka hata shilingi moja, lakini Januari 2021 VAT iliporudi 16, bei ilipanda upesi kama iliyokuwa ikisubiri mlangoni. Mpwa wangu alipata Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vibarua vya vijana, akazibua mitaro kwa shilingi 455 kwa siku. Pesa hizo zilitulisha, siwezi kukufuru. Awamu ilipokwisha alirudi barazani kukaa na wenzake walewale.

Iliyonifika mimi ni ile ya mikopo. Benki Kuu iliruhusu Machi 18 kwamba ambaye kufikia Machi 2 hakuwa amechelewesha malipo aweze kuomba kuongezewa muda, hadi mwaka mmoja. Niliomba, nikakubaliwa, nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu kafyu.

Riba ndiyo haikulala. Iliendelea kuhesabiwa mwezi baada ya mwezi, ikajumlishwa kwenye deni, na mapumziko yalipokwisha nilikuwa nadaiwa zaidi ya siku niliyoomba nafuu. Nilipokwenda kuuliza, kijana mmoja wa mikopo, umri wa mwanangu, aliniambia mbele ya foleni nzima, "Kwani mama ulitaka bure?" Nimesamehe mengi, hilo bado. Wakanipa dawa yao: malipo ya mwezi yapungue, miaka iongezeke. Ukipiga hesabu ya jumla utajua nani alipewa afueni.

Sisemi ingekuwa bora ninyimwe. Bila muda ule friji na kochi langu vingepigwa mnada, na jina langu lingekuwa CRB, kwenye rekodi za wasiolipa mikopo. Ninachosema ni kwamba serikali ilisogeza tarehe, riba ikaachiwa mwenye mkopo, na tarehe ikishasogezwa hakuna mkutano wa waandishi wa habari wa kukutangazia kwamba umeongezewa deni. Hilo utaligundua peke yako kaunta.

Nilijitoa kwenye deni kwa kuuza nguo za watoto. Mzazi ataacha kujinunulia gauni lakini mtoto hawezi kwenda shule bila sweta. Nilichagua kamera tu, yaani nguo za daraja la kwanza, nikaacha kubeba mafungu ya bei ya chini yanayolala. Kila Januari na kila msimu wa sikukuu nililipa zaidi ya nilichotakiwa. Sasa nina vibanda viwili, na yule muuzaji wa jumla aliyekuwa akininyima robota, furushi kubwa la mitumba, kwa mkopo ananipigia simu yeye.

Ndugu zangu, someni mnachotia sahihi! Ukipewa muda wa kulipa, omba ratiba mpya ya malipo kwa maandishi, uone jumla ya mwisho kabla hujakubali. Uliza riba itakuwaje wakati hulipi. Nasema tena, uliza riba. Tunaona haya kuuliza kwa sababu tunadhani tunasaidiwa, na anayesaidiwa haulizi. Wewe uliza.

Kuna dada wa Likoni aliyetaka kujua kama achukue mkopo wa Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo ya simu, kufufua kibanda. Dada yangu, ule mfuko ulizinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na hiyo ni nafuu kuliko programu nyingi za simu. Lakini unatakiwa kurudisha ndani ya siku 14, asilimia 5 inawekwa akiba kabla hujaishika, na wengi walianza na kikomo cha shilingi 500 au 1,000. Ukiwa unauza viazi karai au nyanya, chukua, jioni pesa imerudi mkononi. Ukiwa unauza nguo kama mimi, kikomo hicho hakinunui robota, na hata kikinunua, siku 14 zitakwisha nusu ya mzigo ikiwa bado inaning'inia.

Na ukilipa benki zaidi ya kiwango cha mwezi, waandikie kwamba ziada ipunguze deni lenyewe, ubaki na nakala yenye muhuri. Mara ya kwanza ziada yangu iliwekwa kama malipo ya mwezi unaofuata, na nilibishana nao hadi wakairekebisha.