Kutafuta kijiji cha babu Toisan: anzia kaburini

Ndugu, umeuliza utakipataje kijiji cha babu yako huko Toisan, mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, nawe uko Vancouver na unachojua ni jina Wong tu kwa herufi za Kilatini. Hilo halitoshi. Kwa Kikantoni, Kichina cha Guangdong, Wong huweza kuwa koo tofauti, hasa zile ambazo kwa Kimandarini, Kichina sanifu, ni Huang na Wang. Lazima upate maandishi yenyewe ya Kichina.

Yatafute kwenye jiwe la kaburi la babu. Nenda asubuhi jua likiwa bado chini, kivuli kijae kwenye michongo. Lowesha jiwe kwa maji matupu. Brashi ya waya italila. Piga picha jiwe zima, kisha kila mstari wa wima. Mara nyingi jina la marehemu liko katikati, wilaya na kijiji viko pembeni. Ukikuta Sunning hujapotea: ndiyo Toisan, iliyobadilishwa jina 1914.

Kisha linganisha na daftari la wahamiaji Wachina, 1885 hadi 1949, kwenye hifadhi ya taifa ya Kanada. Majina yakipishana, mimi ningeliamini kaburi kwanza, maana wapo walioingia kwa karatasi za kununua, zenye jina la mtu mwingine.

Usifunge safari na jina la kijiji pekee. Vijiji vinavyofanana majina ni vingi. Pata na tarafa yake.