Kinanda kina milio mingi, wimbo hauji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa natunga nyimbo kwa adungu, kinubi cha nyuzi chache. Sasa nina kinanda cha umeme chenye milio mamia na niko huru kila jioni, lakini nafika nusu ya wimbo, naacha. Je, kipaji kimeniisha?
Msomaji, Jinja

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kipaji unacho, umepotelea kwenye wingi. Tafuta nafasi ukakae karibu na amadinda, marimba ya Buganda. Ni vipande 12 vya mbao vilivyolazwa juu ya mashina mawili ya migomba, na noti zake ni 5 tu zinazojirudia. Wapigaji wawili huketi wakitazamana. Kila mmoja hupiga mfululizo wake kwa mwendo uleule, na pigo la huyu huangukia katikati ya mapigo ya yule. Unachosikia ni wimbo wa kasi ambao mikono ya mtu mmoja haiuwezi. Wa tatu ana vipande viwili vya juu pekee. Mimi humtazama huyo zaidi ya wote: noti mbili, na bado ndiye anayenichezesha mabega!

Basi bakiza mlio mmoja kwenye kinanda. Chagua noti 5, tunga kwa hizo mwezi mzima. Halafu mwombe mwenzako akujazie nafasi unazoacha. Mwanzoni mtagongana sana. Punguzeni mwendo, kila mtu ashike pigo lake bila kumfuata mwingine.