Hannibal: Mfoinike, Mpuni au Mkarthago?

SWALI: Nafundisha historia sekondari. Katika maandishi ya Kiswahili nimekuta Hannibal, yule jemadari aliyepigana na Warumi, akiitwa mara Mfoinike, mara Mpuni, mara Mkarthago. Mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, kwani kabila lake hasa ni lipi?" Nimjibuje?

JIBU: Mwalimu, majina yote matatu yana mahali pake, ila hayabadilishani. Hannibal ni Mkarthago, raia wa Karthago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Ukimtaja pamoja na wenzake wa Sardinia, magharibi ya Sisilia na kusini mwa Hispania waliosema lugha ile ile, sema Wapuni, na lugha yao Kipuni. Wafoinike waachie watu wa Tiro na Sidoni, pwani ya Lebanoni. (Tahajia hiyo tumeizoea kwa wasomaji wa Biblia: Foinike imo katika Matendo ya Mitume.) Mapokeo yanasema watu wa Tiro waliujenga Karthago mwaka 814 KK; Hannibal kazaliwa 247 KK. Hapo katikati vizazi vingi vimepita.

Jina la mji lenyewe ni tamu. Wenyewe waliuita Qart Hadasht, yaani Mji Mpya. Hiyo *hadasht* ina mzizi mmoja na neno la Kiarabu lililotupa "hadithi", mzizi wenye maana ya jambo jipya, jambo lililotukia. Wakarthago walipojenga mji mwingine Hispania wakaupa jina lile lile. Warumi, kwa kutofautisha, wakauita Carthago Nova. Ukitafsiri neno kwa neno unapata Mji Mpya Mpya! Leo ndio Cartagena.

Sasa hilo la kabila, ndipo penye kazi. Mfoinike na Mpuni ni neno moja lililopita vinywa viwili: Wagiriki walisema *Phoinikes*, Warumi wakasema *Poeni*. Yote ni majina ya kupewa na wageni. Wenyewe mara nyingi walijitaja kwa mji, kama mtu wa Lamu anavyoweza kukuambia yeye ni Mwamu kabla hajakuambia ni Mswahili, neno ambalo nalo lina asili ya Kiarabu, *sawahil*, pwani. Na Warumi walikwisha uteketeza Karthago mwaka 146 KK, lakini zaidi ya miaka 500 baadaye Augustino, askofu wa Hippo, mji wa Afrika Kaskazini, aliandika kwamba wakulima wa maeneo yake, wakiulizwa wao ni nani, walijibu kwa Kipuni: Wakanaani, yaani watu wa Kanaani, jina la kale la pwani ile ya Lebanoni na nchi jirani.

Damu nayo haitoi jibu rahisi. Utafiti wa DNA uliochapishwa 2025 ulipima mifupa ya makaburi ya Wapuni na kukuta asili ya pwani ya Lebanoni ni kidogo mno. Wengi walikuwa na asili ya Sisilia na Ugiriki, wengine ya Afrika Kaskazini. Kwa hiyo "kabila", neno linalomfanya mwanafunzi afikirie ukoo mmoja, mimi nisingelitumia hapa. Mwambie Hannibal alikuwa Mkarthago kwa uraia na Mpuni kwa lugha.

Na ubaoni usiandike "Vita vya Puni". Hapakuwa na nchi iitwayo Puni. Andika Vita vya Wapuni. Mimi hupendelea Vita vya Roma na Karthago, 264 hadi 146 KK, kwa sababu lile jina la kwanza limetungwa upande mmoja tu wa uwanja.