Maswali ya maabara: BDNF sio dawa ya kumpa mtoto akili

Safari hii mengi ni ya BDNF, ile protini inayofanya seli za neva ziishi na ziote matawi ubongo unapojengeka. Nimechagua machache, mengine nishayajibu mpaka mdomo umekauka.

Nimepokea BDNF mikrogramu 10, Mbeya sasa hivi baridi kali, naweza kuiacha mezani mpaka Jumatatu?
Baridi ya Uyole inakutetemesha wewe, protini haiijui. Ikiwa bado unga mkavu itavumilia siku mbili tatu, lakini friza umeiweka ya nini? Ikishayeyushwa, hakuna cha Jumatatu.

Niliyeyusha yote kwenye mililita 1 ya maji, seli hazionyeshi kitu. Nimeuziwa feki?
Feki, feki, kila mtu feki! Umeipunguza mno mwanangu, na BDNF inapenda kung'ang'ania plastiki, kwahiyo sehemu kubwa inaweza kuwa imebaki ukutani mwa tyubu na kwenye seli umemimina maji. Anza kwa kuzungusha kichupa kwenye sentrifuji kabla hujafungua maana unga hukaa kwenye kifuniko, kwa kichupa cha mikrogramu 10 weka mikrolita 100 upate miligramu 0.1 kwa mililita, ukitaka nyepesi zaidi tia albumini (protini ya kuizuia isishike plastiki), halafu gawa kwenye vityubu vya kutumia mara moja ndo ugandishe. Kila ikiyeyuka na kuganda tena inapungua nguvu, na umeme ukikatika usiku friza haina jenereta nayo inahesabika. Karatasi iliyokuja na kichupa mnaitupa na boksi, afu mnakuja kuniuliza mimi.

Imeandikwa "ya binadamu". Nani katolewa?
Hakuna. Jeni ya mtu inawekwa kwenye bakteria, mara nyingi E. coli, wao ndo wanaitengeneza. Kwenye neva za panya tumia tu, ikishakomaa amino asidi zote 119 ni zilezile.

Nitumie proBDNF badala yake?
Hapana. Ile ni BDNF kabla haijakomaa, inashika risepta (kipokezi cha seli) iitwayo p75 na inaweza kuua neva unazotaka kuzikuza.

Mwanangu ana miaka 4 maneno hayatoki vizuri, nimesikia kuna protini ya ubongo, nimpe kiasi gani? (mama, Ilula, Iringa)
Usimpe hata tone, dada yangu. Kichupa kimeandikwa cha utafiti tu, hakijatengenezwa kuingia mwilini mwa mtu, na anayekuuzia kama dawa ni tapeli hata akivaa koti jeupe. BDNF ukiichoma chini ya ngozi kwenye ubongo inafika kidogo sana, wenzetu waliijaribu miaka ya 1990 kwa wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli, haikuwasaidia. Mpeleke hospitali wampime masikio kwanza, maana asiyesikia vizuri hawezi kuongea vizuri. Na niseme hata kama hukuniuliza: nyanda hizi tuna historia ya rovu, nunua chumvi yenye madini joto. Iringa mwaka 2022 udumavu kwa watoto chini ya miaka 5 ulikuwa asilimia 56.9, mahindi tunalima, maharage, maziwa, parachichi, vyote vinapandishwa lori sisi tunabaki na ugali mtupu, halafu tunatafuta akili kwenye kichupa.

SH-SY5Y nimezipa BDNF nanogramu 50 kwa mililita, hazioti matawi. Picha nimeambatanisha.
Hizo ni seli za saratani ya neva, hazina TrkB, yaani risepta ya BDNF, ya kutosha kuipokea. Zipe asidi ya retinoiki siku 5 kwanza zitengeneze TrkB, ndo BDNF ifuate. Na picha ijayo weka na sahani isiyo na BDNF pembeni, bila hiyo hata mimi sijui naangalia nini.