Maswali ya Wasomaji: Xbox ya Kwanza Inagoma Kuingia Mtandaoni

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kibanda cha gemu hapa Mwananyamala. Mwezi uliopita nilinunua Kariakoo mashine mbili za Xbox za toleo la kwanza, mtumba kutoka Uingereza, pamoja na diski kadhaa, zikiwamo mbili za Halo 2. Gemu zinacheza vizuri, lakini kila nikichagua sehemu ya Xbox Live mashine huhangaika kidogo kisha huleta ujumbe kwamba imeshindwa kuunganika, ingawa ruta hiyohiyo inahudumia simu na kompyuta bila shida. Fundi mmoja ameniambia kwamba sehemu ya mtandao imeungua, na anataka nimlipe abadilishe bodi za mashine zote mbili. Je, ni kweli zimeharibika, na je, kuna namna ya kuwaingiza vijana wangu kwenye huduma hiyo?
Baba Asha, Mwananyamala

JIBU: Baba Asha, usimlipe fundi huyo. Mashine mbili kuugua ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja lingekuwa jambo la ajabu, na kwa maelezo yako hakuna iliyo mgonjwa. Zinabisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe walikwishahama. Microsoft, watengenezaji wa Xbox, waliifunga Xbox Live, yaani huduma yao ya kucheza gemu kwa mtandao, kwa mashine na gemu zote za toleo la kwanza tarehe 15 Aprili 2010, na tangu siku hiyo hakuna bodi mpya, ruta wala bando litakalozifikisha huko.

Huduma hiyo ilianzishwa Marekani tarehe 15 Novemba 2002, mwaka mmoja kamili baada ya Xbox yenyewe kuingia sokoni. Haikuwa ya kwanza kuunganisha mashine za gemu, kwa kuwa Sega ilikuwa imekwisha kuijaribu biashara hiyo kwa mashine yake ya Dreamcast na huduma yake ya SegaNet mwaka 2000, kwa kutumia modemu ya simu. Microsoft ilichukua njia ambayo wakati ule ilionekana ya hatari: Xbox ilitoka kiwandani ikiwa na tundu la waya wa mtandao na diski ya ndani ya kuhifadhia, na Xbox Live ilikubali intaneti ya kasi peke yake, wakati ambapo nyumba nyingi za Marekani kwenyewe bado zilikuwa zinaingia mtandaoni kwa laini ya simu. Mteja alinunua boksi la kuanzia kwa takriban dola 50, ndani yake mkiwa na kipaza sauti cha kuvaa kichwani na ada ya mwaka mzima.

Kilichowavutia watu zaidi ya kasi, kwa maoni yangu, ni utaratibu. Kwa wenye PlayStation 2 kila kampuni ya gemu ilijiendeshea mambo yake, mchezaji akawa anajiandikisha upya kila alipobadilisha diski. Kwa Xbox Live alikuwa na jina moja na orodha moja ya marafiki, akiingia nayo katika kila gemu, na akisikia sauti za wenzake kama waliokaa benchi moja. Kufikia katikati ya mwaka 2004 wanachama walikuwa wamefika milioni 1. Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo ikatoka Halo 2, ambayo haikumlazimisha mchezaji kutafuta chumba cha kuingia katika orodha ndefu, bali mfumo wenyewe ulimpatia wapinzani wa kiwango chake na kumruhusu aende na kundi lake zima kutoka mechi moja hadi nyingine. Mwaka uliofuata wanachama wakawa milioni 2.

Mwaka 2005 pia ndio uliozaa mrithi, yaani Xbox 360, na hapo ndipo ugomvi wa ndani ulipoanzia, kwa sababu mashine mpya na za zamani zilitumia huduma ileile. Kanuni za gemu za zamani zilikuwa zimeandikwa ndani ya diski na hazikuweza kurekebishwa kwa urahisi. Mfano unaotajwa zaidi ni idadi ya marafiki: gemu zile zilijua kuhesabu hadi 100 tu, kwa hiyo hata mwenye mashine mpya hakuweza kuongezewa nafasi ya rafiki wa 101. Februari 2010 Marc Whitten, aliyekuwa msimamizi wa Xbox Live, alitangaza kwamba maboresho waliyokusudia hayakupatana na gemu za kizazi cha kwanza, hivyo zingeondolewa. Sababu hiyo naikubali, ila nusu yake. Kampuni yoyote inapokuwa na bidhaa mpya ya kuuza haioni furaha ya kuendelea kulipia matunzo ya ile iliyokwisha kuuzwa.

Siku ya kufungwa ilipofika lilitokea jambo ambalo litakusaidia kuelewa mashine zako. Microsoft ilizuia wanaoingia, lakini haikuwatoa waliokuwa wamekwisha ingia, na wachezaji wachache wa Halo 2 wakaacha mashine zao zikiwaka usiku na mchana ili wasipoteze nafasi. Waliweza kuendelea kwa sababu katika gemu hiyo mechi yenyewe huendeshwa na mashine ya mmoja wa wachezaji, na kazi kubwa ya Xbox Live ni kuwatambua watu na kuwakutanisha. Mmoja mmoja walidondoka, huyu mashine imeganda, yule mtandao umekatika, mpaka wa mwisho akatoka Mei 2010.

Sisi wa Dar es Salaam karamu hiyo ilitupita karibu yote. Waya wa baharini wa SEACOM ulianza kutumika hapa Julai 2009, miezi tisa tu kabla ya kufungwa. Kabla ya hapo intaneti yetu ya nje ilitegemea setilaiti, na data inayopanda kilomita 36,000 angani na kushuka, kisha jibu lake likasafiri vivyo hivyo kurudi, huchukua zaidi ya nusu sekunde. Katika gemu ya kulenga shabaha, muda huo unatosha kuuawa kabla hujamwona adui.

Sasa la kufanya. Halo 2 na gemu nyingine kadhaa za wakati ule zina sehemu iitwayo System Link, isiyohitaji Xbox Live wala intaneti: mashine huunganishwa moja kwa moja kwa waya wa mtandao wenye nyaya zilizopishanishwa, au kila moja huchomekwa kwenye swichi ndogo ya mtandao. Kila mashine itahitaji diski yake, televisheni yake na pedi nne, na kwa mashine zako mbili utapata wachezaji wanane; ukiongeza mbili nyingine, watafika 16. Kwa kibanda naona hili ni bora kuliko mtandao, maana bando halikatiki katikati ya mechi na mwenye kelele anaonekana.

Ukitaka mtandao kwa vyovyote, wapenzi wa mashine hizo wametengeneza huduma mbadala iitwayo Insignia, isiyo ya Microsoft, ambayo imerudisha gemu nyingi za zamani, moja baada ya nyingine. Usajili wake unahitaji kutoa taarifa fulani ndani ya mashine kisha kubadilisha anwani za DNS, yaani zinazoielekeza mashine mahali pa kwenda mtandaoni, kwa hiyo mtafute kijana anayejua kompyuta.

Na kama bado unataka kumpa fundi kazi, mwingine si yule, mwombe afungue mashine na aangalie kapasita ndogo ya saa. Katika matoleo mengi ya Xbox ya kwanza kapasita hiyo huvuja kwa uzee na kula bodi taratibu. Kuing'oa hakuna madhara zaidi ya mashine kusahau saa na tarehe inapochomolewa kwenye umeme.

SWALI: Nina PlayStation 3 na gemu nilizozinunua mtandaoni. Duka lake likifungwa, zitapotea? Msomaji wa Tegeta

JIBU: Tenganisha mambo matatu: kununua, kucheza na wenzako, na kupakua tena ulichokwisha kulipia, kwa kuwa hayafungwi siku moja. Nintendo ilisimamisha mauzo ya duka la mashine zake za Wii U na 3DS tarehe 27 Machi 2023, ikazima uchezaji wa mtandaoni Aprili 2024, lakini ikawaachia wanunuzi mlango wa kupakua upya. Sony nayo ilitangaza Machi 2021 kwamba italifunga duka la PS3, wateja wakalalamika, na mwezi uliofuata ikabadilisha uamuzi. Uchezaji wa pamoja ndio hutangulia kuondoka: Gran Turismo 5, gemu ya mbio za magari ya PS3, ilizimiwa seva zake Mei 2014, duka likiwa bado wazi.

Kwa hiyo pakua sasa kila ulichonunua. Nafasi ikiwa ndogo, PS3 inakubali kubadilishiwa diski ya ndani kwa ile ya kawaida ya laptopu, ya inchi 2.5, lakini hifadhi kwanza data zako kwenye diski ya nje. Gemu kubwa zianze usiku, wakati bando ni nafuu.